Siku Niliyomlalia Injinia Mbithi

Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha gari. La pili likamng'oa dereva wetu Musembi meno mawili.

Saa nne asubuhi. Jua limewaka, na sisi tumevaa kofia ngumu za manjano kama watu wa maana.

Wacha niwaambie tulifikaje hapo.

Naitwa Gakenia. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakafungua hoteli Mtito Andei kabla sijazaliwa, kwa hivyo Kikamba nakiongea vizuri kuliko Kikuyu. Kazi yangu ni jiolojia. Natafuta mvuke chini ya ardhi, ule wa kutengeneza stima.

Miaka mitatu iliyopita tuliitwa semina hapo hapo Mtito. Tulikuwa watu kumi na wawili, wanajiolojia na mainjinia, tunafundishwa kupanga miradi ya mvuke kwa namba tatu.

Mwalimu wetu, Madam Kasiva, hakuwa na mchezo.

"Namba ya kwanza inauliza kama mradi utalipa, na kama watu na mazingira wataubeba. Ya pili, umeiva kiasi gani kiufundi. Ya tatu, una uhakika gani na joto lililo huko chini. Moja ndiyo nzuri, ikipanda ni mbaya. Ukiandika moja na hujui, umedanganya nchi."

Niliwekwa pamoja na Injinia Mbithi, mtu wa Kanyangi. Jamaa poa sana. Mcheshi. Hesabu ngumu alinifanyia.

Faili yetu ilikuwa ya kijiji kimoja chini ya vilima vya Chyulu. Jina nitaliacha. Faili ilisema wenyeji wamekubali.

"Hapo kwa watu weka moja, twende," Mbithi akasema.

"Tukawaone kwanza."

Akafunga faili. Tukamtumia chifu majina yetu; asubuhi ya safari Mbithi akasema tumbo linamsumbua. Ni mimi niliyemsukuma akaingia gari.

Basi, mawe.

Walitoka vichakani, wanaume kwa wanawake, kama arobaini hivi. Mapanga, rungu, pinde. Mshale ukapita karibu na shingo yangu ukazama kwenye kiti. Musembi alikuwa anatema damu kwenye usukani. Mlango wangu ukafunguliwa, nikavutwa kwa nywele hadi chini. Teke likanipata mbavuni, nikasikia kitu ndani kikilia ta!

"Ekai!" nikapiga kelele. Wacheni!

Wakaniacha. Hivyo tu. Wakaniruka kama gunia.

Walikuwa wanamtaka Mbithi.

Walimtoa kupitia dirishani. Rungu likamvunja goti. Panga akalikinga kwa mkono, vidole viwili vikabaki mchangani. Alilia mlio ambao sijawahi kuusikia hata kwa mbuzi.

Sijui nguvu nilitoa wapi. Nilitambaa nikamlalia juu.

Mwanamke akasimama juu yetu, panga linadondosha damu. Baadaye nilijua anaitwa Wayua.

"Mwaitu, mama yangu, tafadhali," nikamwambia kwa Kikamba. "Amekosa nini?"

"Toka hapo, mwanangu. Huyo ameua bwanangu."

"Simjui huyu mama!" Mbithi akalia chini yangu.

Wayua hakupaza sauti. "Alikuja na vijana ishirini. Kampuni ya mvuke ilimtuma, tuweke sahihi ya kukubali mradi. Bwanangu akasimama mbele ya watu akakataa. Huyu akanyoosha kidole tu. Walimpiga na vyuma mbele ya watoto wangu mpaka akaacha kupumua. Tukaripoti. Hakuna aliyekuja."

Nikamgeuza Mbithi uso. "Ni ukweli?"



"Sikujua atakufa."

Sitawadanganya. Wakati huo nilitaka kuinuka niwaache wammalize. Nilianza hata kuinuka.

Halafu damu yake ikapenya kwa shati langu, ya moto, nikashindwa.

"Mwaitu, ukimuua leo, watakuja kukuchukua wewe. Watoto watabaki na nani? Maneno aliyosema sasa hivi nimeyasikia. Nitayasema kortini."

"Kata!" mtu akapiga kelele nyuma.

Wayua akainua panga. Nikafunga macho.

Lilitua mchangani, karibu na sikio langu. Aliliacha hapo, akaondoka na wenzake.

Nilitoka hospitali siku ya tatu, mbavu mbili zimevunjika, nikaenda moja kwa moja kwa semina. Kazi za makundi zilikuwa zimebandikwa ukutani. Yetu pia ilikuwapo. Mbithi aliituma kwa simu akiwa kitandani hospitalini, kwa mkono mmoja, jina langu kando ya lake.

Namba ya kwanza: moja. *Wenyeji wanaunga mkono mradi.*

Nilikata ile moja nikaandika tatu. Kisha nikawaambia yote, mpaka lile neno alilosema chini yangu. Madam Kasiva akachukua funguo za gari lake, akanipeleka polisi mwenyewe.

Kortini nilisimama mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kesi ya Mbithi. Yuko ndani mpaka leo.

Mara ya pili waliniuliza ni nani alikata vidole vile. Nilikuwa nimeapa. Nikamtaja Wayua.

Alipewa kifungo cha nje. Tulipotoka alinipita mlangoni na watoto wake watatu, hakunitazama. Sikumlaumu.

Nyinyi mnaoandika ripoti, nawaomba kitu kimoja. Kabla hamjaandika kwamba watu wamekubali, ulizeni yule aliyekataa alienda wapi.