Sufuria ya Kawira na Hukumu ya Majusi

Bi Mwatima hakuwahi kutawala zaidi ya vyumba sita, sebule na jiko moja pale mtaa wa Sanyuanli, China, lakini wapo wafalme ambao wangefaidika kupanga kwake mwezi mzima. Alitoka Unguja kuja Guangzhou kununua vyombo vya plastiki, akagundua kuwa wafanyabiashara wenzake wanateswa na chakula kuliko na bei. Akakodi ghorofa nzima, akawapangisha. Waislamu wa Dar na Zanzibar wakajaa. Wakenya wachache wa kanisani wakaingia pia, maana pilau haiulizi mtu dini.

Mwaka 1998 Krismasi iliangukia ndani ya Ramadhani. Kalenda haina adabu. Kawira, mnunuzi wa mikoba kutoka Nairobi, alitaka kuwapikia Wakristo wenzake mchana wa sikukuu, akaikosa sufuria yake. Alikuwa ameichukua Abdulhadi wa Kariakoo, muuza viatu aliyejiteua imamu wa ghorofa, kwa kuwa siku moja iliwahi kupikiwa nguruwe.

"Sufuria hiyo ikirudi jikoni mwezi huu," Abdulhadi akatangaza sebuleni alasiri ya kuamkia Krismasi, "mimi nahama, na Watanzania wote nahama nao."

Watanzania ndio waliobeba kodi ya nyumba. Wakiondoka, nyumba imemtoka Bi Mwatima mikononi. Kila mtu alilijua hilo, Abdulhadi kuliko wote.

"Hata Koreshi alirudisha vyombo!" Kawira akafoka.

"Koreshi ndiye nani?" Bi Mwatima akauliza.

"Mfalme wa Uajemi, mama. Wababeli waliwapora Wayahudi vyombo vya hekalu. Koreshi alipoiteka Babeli akawarudishia, akawaambia nendeni mkamjengee Mungu wenu nyumba. Na hakuwa wa dini yao."

"Majusi yule!" Abdulhadi akaruka. "Mwabudu moto! Ramadhani hii tuongozwe na Majusi?"

Wanazuoni bado wanabishana kama Koreshi alimwabudu mungu wa Zarathustra, nabii wa Majusi, au aliheshimu tu kila mungu aliyekuwa na walipa kodi. Bi Mwatima hakuwasubiri wamalize.

"Waabudu moto nawajua. Bibi yangu alilea watoto wa Kiparsi kule Shangani. Siku ya Idi wazazi wao walimwachia aende zake, hawakumuuliza kitu. Sufuria iko wapi?"

"Chini ya kitanda changu."

"Hapo mbele ya mswala wako?"

Abdulhadi akarekebisha kofia yake.

"Kumbe najisi jikoni haifai, ila kwenye kibla chako ndiyo mahali pake?"

Burhani, Mzanzibari wa chumba cha mwisho, alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Sikilizeni," Bi Mwatima akasema. "Aliyeichukua ataileta kwa mkono wake. Kawira, utapika kibarazani, mlango umefungwa, harufu isituchokoze tuliofunga. Na nguruwe hapikwi humu."

"Ni kuku, mama."

"Haya. Na mkitaka kuimba, imbeni. Sisi tunasali tarawehe kila usiku na hamjatugongea ukuta."

Abdulhadi aliileta sufuria kwa vidole viwili, akanawa mara saba kama Mshafii mwema aliyegusa cha nguruwe, mojawapo kwa udongo, ambao aliuchota kwenye chungu cha maua cha mwenye jengo. Kisha akabeba begi lake.

"Nani anakuja?"

Watanzania wakatazamana. Jikoni mbaazi za nazi zilikuwa zinachemka.

"Tangulia, sheikh," Burhani akasema. "Sisi baada ya futari."

Akatoka peke yake.

Adhana ya kaseti ilipolia, tende zikazungushwa. Wakenya nao walikuwepo. Hawakufunga, ila kufuturu walikuweza vizuri. Mlango ukagongwa. Ni Abdulhadi, mikono mitupu.

"Karibu," Bi Mwatima akasema bila kugeuka. "Hoteli umepata?"

"Barabara ya Huanshi Zhonglu zipo tele."

"Na begi?"

"Liko chini, kwa mlinzi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipotoka."

"Kalilete basi, baba. Uji unapoa."