Kisanduku cha Matundu Sita

Kompyuta ile ilikuwa na tundu moja tu nyuma, na tundu hilo ndilo lililonifunga Nyaishozi. Mtu atasema tundu halimfungi mtu. Huyo hajawahi kukaa katika ofisi ya usharika ambamo yeye peke yake ndiye anayejua waya upi unaingia wapi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mgeni mmoja aliyekuja kuwahudumia wakimbizi kutoka Rwanda alipomaliza muda wake alituachia kompyuta ya kubebeka, nyeusi, nzito kama Biblia ya madhabahuni, pamoja na printa na kifaa cha pembeni cha kusomea diski. Mimi nilikuwa karani pale, binti wa miaka ishirini na moja anayejua kupiga taipu. Alinifundisha kwa wiki mbili, akaniaga, akaondoka.

Printa na kile kifaa cha diski viligombea tundu lile moja. Ukitaka kuchapa, unachomeka printa. Ukitaka kuhifadhi kazi kwenye diski, unazima kompyuta, unachomoa printa, unachomeka kifaa cha diski, unawasha tena na kungoja. Umeme ulikuwa haujafika, na jenereta ya usharika ilinguruma kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, basi. Kwenye waya wa printa kulikuwa na skrubu mbili ndogo za kuukaza. Niliacha kuzigusa siku ya pili. Ya nini kukaza kitu utakachokifungua baada ya nusu saa?

Kazi yenyewe ilikuwa kitabu cha nyimbo za Kinyambo, lugha ya pale kwetu, zile ambazo wazee wa kwaya waliziimba kwa kichwa na ambazo zilianza kupotea pamoja nao. Kilitakiwa kabla ya jubilei ya usharika. Kwa mwendo wangu wa kuchomoa na kuchomeka, nilimaliza nyimbo mbili kwa asubuhi, tatu nikibahatika.

Ndipo ikaja barua. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, mbali, ng'ambo ya Mwanza. Niripoti Jumatatu ya mwisho ya mwezi uliofuata, la sivyo nafasi yangu itapewa mwingine. Babu yangu aliingia nchi hii kutoka Rwanda akipalilia kahawa za watu, na baba alikufa na jembe mkononi. Mama aliisoma barua ile mara tatu kwa sauti, kisha akatoka akaenda kukaa migombani peke yake. Alirudi macho mekundu na kuanza kunitafutia sanduku la bati.

Niliipeleka barua kwa katibu wa usharika, mzee mpole ambaye hasemi hapana, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hongera sana! Kitabu kikiisha, uende hata siku hiyohiyo."

"Na kisipoisha?"

Akacheka. "Ng'ombe haelemewi na nunduye."

Nilitamani kumwambia kwamba nundu ile ilikuwa ya usharika, si yangu. Nikasema asante, mzee.

Nilimwandikia yule mgeni. Baada ya wiki nne kikafika kifurushi, kimeletwa na msafiri. Ndani kulikuwa na kisanduku bapa chenye matundu sita. Barua yake ilisema nikifungue kifuniko cha plastiki kilicho nyuma ya kompyuta, ambacho siku zote nilidhani ni pambo, nikibonyeze kisanduku pale. Nikabonyeza, kikalia ka! Printa ikapata tundu lake, diski tundu lake, kibodi kubwa lake, hata kipanya. Hakuna kuzima tena. Siku hiyo nilimaliza nyimbo tisa. Niliimba njia nzima hadi nyumbani.

Furaha ile haikumaliza wiki. Katibu alikuja na wageni kukitazama kisanduku, na kila aliyekitazama alirudi na kazi. Shule ilileta mitihani. Zahanati ya Nyakakika ikaleta fomu za kliniki ya watoto. Watu wakaleta hata kadi za harusi. Kitabu kikarudi nyuma ya foleni, nami nikaona Jumatatu yangu inakuja na mimi bado nimekaa pale.

Sasa niseme lililo kweli, maana limenikaa rohoni. Alikuwepo mwanakwaya mwenzangu kutoka Kanoni, fundi wa kufuma vitambaa. Ndiye aliyeifumia kompyuta kitambaa cheupe chenye maua, kama tunavyofunika redio. Aliniomba zaidi ya mara moja, "Dada, nifundishe na mimi." Nikamjibu, "Usiguse, utaiua." Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Nililia usiku kwamba nimefungwa, na mchana nilificha ufunguo. Nilipenda kuitwa mimi, peke yangu.

Ijumaa ya mwisho zilibaki nyimbo kumi na moja. Basi langu lilikuwa Jumamosi asubuhi, na jingine halikuwepo kabla ya Jumatatu. Ijumaa hiyohiyo askofu alikuwa anatutembelea, na akina mama walikuja alfajiri wakaifanyia ofisi heshima ya kwetu: walitandaza nyasi mbichi sakafu nzima, nene, zinanukia, kama nyumba inayopokea bwana harusi. Nilipoingia sikuona tena saruji. Sikuona pia waya wa printa, uliotoka mezani kwangu ukavuka hadi kwenye stuli ya printa. Nikaona nyasi tu, nikazisifia.

Saa nne wageni wakaingia, katibu mbele, akitembea kinyumenyume ili asimpe askofu mgongo. Kisigino chake kikanasa. Waya ule, ambao skrubu zake sikuwa nimezikaza tangu siku ya pili, ukachomoka upande upande. Kompyuta ikaburutika na kisanduku chake mpaka ukingoni. Niliidaka kwa tumbo.

Askofu alisema pole. Katibu alisema pole mara nyingi. Mimi nilikuwa nikitazama ncha ya waya: meno matatu ya chuma yamelala. Hatukuwa na waya mwingine, na Bukoba ilikuwa mbali kuliko muda niliokuwa nao. Nilijaribu kulinyoosha jino moja kwa kucha, nikazidi kulilaza.

Fundi wa vitambaa alikuja bila kuitwa. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. "Nipe, dada." Kwa mara ya kwanza nikampa. Aliinua jino la kwanza, la pili, la tatu, taratibu, akishikilia pumzi, kama anarudisha uzi ulioruka. Alipomaliza jenereta ilikuwa imeshazimwa.

Jumamosi saa tatu ikawashwa. Nikachomeka, nikakaza skrubu zote mbili, printa ikalia. Ilikuwa katikati ya wimbo wa nne basi lilipopiga honi barabarani. Lilipiga mara mbili. Mama alikuwa amemwambia kondakta anisubiri. Ningeweza kuinuka. Katibu alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, na mimi sikuinuka. Nilimchukia kwa kunyamaza kwake, nikajichukia zaidi.

Nilikiandikia chuo kuomba siku chache; kilijibu kwa mistari miwili kwamba nafasi imejazwa.

Kitabu kilitoka, na watu walilia kanisani kwa kuziona nyimbo za mama zao. Jumatatu iliyofuata nilimwita fundi wa vitambaa, nikamkalisha kwenye kiti changu. Nia yangu ilikuwa moja: mwakani nikiitwa, awepo wa kumwachia kazi. Alifunga uzi wa rangi kwenye kila waya na kupaka rangi hiyohiyo juu ya kila tundu. Baada ya miezi mitatu alinizidi.

Mwaka uliofuata sikuitwa na chuo chochote. Ila dayosisi iliandika ikitaka mtu mmoja akasomee kompyuta Mwanza, mwaka mzima. Katibu aliniita, akanipa kiti, akanipa akamwani, zile buni za kutafuna, kama mgeni. Nikajua.

"Tumemteua mwenzako," alisema. "Wewe tukikutoa, binti yangu, hapa atabaki nani?"

Nilimsindikiza fundi wa vitambaa hadi kwenye basi lilelile. Alichukua sanduku langu la bati, nilimwazima mwenyewe. Gari lilipoanza kuondoka alitoa kichwa dirishani akauliza kwa sauti, kama fundi anayeacha kazi yake, "Dada, skrubu umekaza?"

"Nimekaza," nikamjibu.

Na kweli nilikuwa nimezikaza, zote, kwa mkono wangu.