Uzi wa Manjano wa Mama

Siku ya mwaka mpya huwa sitoki. Majirani zangu hapa Changamwe wameshanizoea. Wao hubeba masufuria ya pilau wakaelekea ufukweni, mimi nabaki sebuleni na mambo yangu matatu: leso mpya ya kupinda kwa mkono, sindano za kufumia, na kitabu ambacho sijakisoma. Maazimio siweki. Niliyaweka miaka mingi na yote yakanifia kabla ya Februari. Napinda leso mpaka vidole vichoke, nafuma mistari kadhaa, nasoma mpaka macho yaanze kuuma, kisha narudi kwenye pindo. Jioni ikifika nimeridhika, na hakuna aliyenisumbua.

Kufuma nilifunzwa na mama. Watu hucheka wakimwona mtu anafuma sufu Mombasa, na joto letu hili. Lakini jaribu kumtoa mtoto mchanga kliniki bila kofia ya sufu, uone bibi yake atakavyokuja juu. Mama alifuma kofia na sweta za watoto wachanga miaka yote tuliyoishi Likoni, na wateja hakuwakosa. Uzi aliununua ukiwa mafungu marefu yaliyolegea. Mimi nilinyoosha mikono miwili mbele, yeye akanivisha lile fungu, akawa anavuta uzi na kuuzungusha mpaka ukawa donge. Sasa donge haliwezi kuanzia hewani. Kwanza mama alikunja karatasi mpaka ikawa ndogo na ngumu, ndipo akaanza kuzungushia uzi juu yake. Karatasi yoyote ilimfaa: kalenda ya mwaka uliopita, daftari lililojaa, mfuko wa unga.

Mama alifariki mwaka juzi. Mfuko wake wa nyuzi niliuweka juu ya kabati, sikuwa na moyo wa kuufungua. Mwaka mpya huu nikaushusha, kwa sababu mwalimu mwenzangu alikuwa amejifungua na nilitaka kumfumia mtoto kofia. Chini kabisa mwa mfuko nilikuta donge la manjano. Nililifahamu mara moja. Nilipokuwa msichana niliwahi kuliomba mara mbili, na mara zote mbili mama alinijibu kwa mkato, "Liache hilo, limeliwa na nondo." Nikalichunguza. Uzi ulikuwa mzima, hauna hata tundu. Nikashangaa kidogo, nikaanza kufuma.

Alasiri, kofia ikiwa imebaki kufungwa utosini tu, donge likaisha na karatasi ikaniangukia mapajani. Nusura niitupe. Lakini mimi mwalimu, maandishi hayanipiti bila kusomwa, basi nikaikunjua. Zilikuwa karatasi nne za kitabu, zimekunjwa pamoja. Kurasa tisini na moja hadi tisini na nane. Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na muhuri wa zambarau wa maktaba ya shule yangu ya msingi.

Nilisoma ule muhuri, nikausoma tena, nikaenda jikoni nikanywa maji, nikarudi nikausoma mara ya tatu.

Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli. Tuliketi dawati moja. Yeye alikuwa msomaji kunishinda mimi. Ndiye aliyenifunza kusoma bila kuchezesha midomo. Ijumaa moja niliazima kitabu cha hadithi maktabani. Jumamosi nikasoma hadi ukurasa wa tisini, nikakiacha mkekani. Jumapili rafiki yangu akaja akaniomba akalale nacho usiku mmoja, nikampa. Jumatatu aliponirudishia nikakifungua nimalizie hadithi, na kurasa za mwisho hazipo.

Nilipandwa na hasira hapo hapo. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu nikamtaja jina. Nikaulizwa kama kitabu kilikuwa kizima nilipompa. Nikasema kizima. Sikuwa nimetazama, lakini nilisema kizima, na nikaliapia hilo mbele ya gwaride, mkono juu ya Biblia. Rafiki yangu akachapwa mbele ya shule nzima, akakatazwa kukanyaga maktaba mpaka tulipomaliza darasa la nane. Sikumsemesha tena. Hata nilipokuwa mtu mzima, kila nilipokwenda kumtazama mama Likoni nililizunguka soko zima, nisipite mbele ya kibanda anachoshonea rafiki yule.

Na si hilo tu. Nimekisimulia kisa hicho kwa kila darasa nililofundisha. Kisa cha msichana aliyechana kitabu cha shule. Watoto hunyamaza kabisa ninapofika kwenye viboko, na mimi, Mungu anisamehe, nimekuwa nikiufurahia ule ukimya.

Nikiwa nimezishika zile kurasa nikamkumbuka mama jioni ya siku ile ya viboko. Nilimsimulia yote kwa mbwembwe, hata nikamwonyesha jinsi mwenzangu alivyoruka kila alipochapwa. Mama aliweka sindano chini. Hakula. Akasema, "Habari za mtoto yule sitaki kuzisikia tena katika nyumba hii." Mimi nikadhani yuko upande wangu.

Kesho yake nilivuka kwenda Likoni. Katika feri nilijipangia maneno mazuri ya kuomba radhi. Nilipofika sokoni yote yalikuwa yamenitoka. Alikuwa pale pale kibandani, ameinamia cherehani, anapinda leso za watu, na lundo la nyingine liko miguuni.

"Hujambo, mwalimu," alisema bila kuinua mguu kwenye cherehani. Aliniita mwalimu, si jina langu.

"Sijambo. Habari za siku nyingi?"

"Njema, alhamdulillahi."

Nikaziweka zile kurasa juu ya leso aliyokuwa akishona. Cherehani ikasimama.

"Zilikuwa ndani ya donge la uzi la mama," nikasema. "Hukuwa wewe. Ni mama aliyezichukua. Mimi niliapa uongo."

Nilingoja alie, au anitukane, na kutukanwa kungeniwia nafuu. Yeye alizinyoosha tu zile karatasi kwa kiganja, taratibu, kama anavyonyoosha pindo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mamako alikuja kwetu siku ya pili yake. Mimi nimelala kifudifudi, siwezi kukaa. Akapiga magoti kando ya kitanda changu, mtu mzima yule, akalia. Akaniambia kurasa zilichomoka, akaziona mkekani, akadhani ni taka. Akasema kesho atakwenda skuli akamwambie mwalimu mkuu."

"Hakwenda," nikasema.

"Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia, ukenda, mwanao atapigwa kama mimi, tena zaidi, maana ameapa. Mimi nishapigwa. Na yeye apigwe ya nini? Basi akaniahidi hatosema, na mimi nikamwahidi sitosema."

Alikuwa na miaka kumi na miwili alipofanya hivyo. Nilikaa juu ya lile lundo la leso bila kukaribishwa.

Akaendelea, sauti ile ile ya chini. Kumbe mama hakuacha kwenda kwao. Kila Idi alimpitia. Watoto wote watano wa huyu mwenzangu walitoka kliniki na kofia alizofuma mama. Mama yangu, aliyeniambia hataki kusikia habari za mtoto yule, alimlea huyu rafiki yangu nyuma ya mgongo wangu maisha yake yote, kisha akirudi nyumbani ananipakulia chakula na kuniuliza siku yangu ilikuwaje.

Hasira zikanipanda, zikakosa pa kwenda. Sikuweza kumkasirikia huyu aliye mbele yangu. Mama yuko kaburini. Nilibaki mimi tu, na mimi huwa nina maneno mengi ya kuwasema wengine, ya kujisema nayapata kwa shida. Nilishtuka zaidi kujua kwamba watu wawili walioniona nikikosea walinipenda kiasi cha kuniacha niendelee kukosea. Sikujua niwashukuru au niwalaumu, na mpaka leo ninapoandika sijui.

Nikang'ang'ania neno moja, kama mtu anayetafuta kosa la mwenzake ili lake lipungue.

"Lakini mama alipokufa ahadi iliisha," nikasema. "Ulikuja matangani. Nilikuona, ulikaa kule nyuma. Mbona hukuniambia siku ile?"

Alikata uzi kwa meno. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Ningekwambia, ungeniamini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, na nikaikumbuka siku ile ya matanga. Nilipomwona ameketi nyuma na buibui lake, akimlilia mama kuliko baadhi yetu wa nyumbani, nilimwita mpwa wangu kando nikamwambia aikusanye mikoba ya wageni akaifungie chumbani, kwa sababu yule mwanamke namjua.

"La," nikamwambia. "Nisingekuamini."