Maua ya Ng'ambo ya Lualaba

Miaka ile ya Zaire nilikuwa napiga picha za kadi za chama tawala katika studio ndogo ya baba yangu, pale mtaa wa Kasuku. Mchana kutwa ni nyuso zilizokazwa, hakuna anayecheka. Kiangazi kilipofika, Lualaba ikashuka na kuacha ng'ambo ziwa lililojaa mayungiyungi. Nilimwomba mama mdogo, aliyekuwa akivua samaki huko, anipeleke.

Yeye alikaa nyuma ya mtumbwi, mimi mbele, sote tukipiga kafi. Tulipokaribia maua niliweka kafi magotini na kuinama na kamera. Yalikuwa meupe, mengine zambarau, na kando ya majani kulikuwa na madogo ya manjano ambayo hata mama mdogo hakuyajua jina.

"Haya maua njo yamekuachisha kazi?" aliniuliza, huku akiutuliza mtumbwi.

Tuliporudi ukingoni mwa ziwa, askari mmoja alikuwa anatungoja.

"Sitwayeni," aliniita, yaani raia, kama serikali ilivyotaka tuitane, "unapiga foto ya nini?"

"Maua."

"Nani anapiga foto ya maua? Unapiga bandari, na ni marufuku. Leta ile mashine."

Nilimwambia bandari haionekani toka ziwani. Kama hasadiki, apande aone mwenyewe. Hakupanda. Alininyang'anya kamera, akaifungua, akaivuta filamu yote nje juani, kisha akaitupa kamera chini. Picha zote zikaungua.

Mama mdogo alinivuta kikwembe nilichojifunga kiunoni. "Nyamaza, mwanangu, twende."

"Kesho narudi," nilimwambia askari, nikaokota kamera yangu.

Nyumbani baba alinikataza. Nikamjibu kwamba kama kamera ni ya kadi tu, atafute mwingine wa kuishika. Kabla ya kulala akaniwekea filamu mpya mezani.

Kesho yake askari alikuwepo tena. Tulikuwa tumeshaingia majini alipotuona, akaanza kupiga kelele. Nilitegemea mama mdogo atageuza. Badala yake alikaza kafi, akatupeleka katikati kabisa, mahali ambapo mtu asiye na mtumbwi hafiki. Nikapiga filamu nzima bila haraka. Jua lilipomchosha askari akaenda zake, nasi tukatokea upande wa pili, kwenye matope hadi magotini.

Picha bora niliibandika dirishani mwa studio, na baba hakuitoa. Wiki hiyo aliingia mama mmoja muuza mchele, akainyooshea kidole.

"Mimi pia nataka foto," alisema. "Pale pale, ndani ya maji. Na nitacheka."

Nikamwambia avae kikwembe asichoogopa kukilowesha.