Ziwa Nililolifukua Nyuma ya Nyumba

Waliolifukia ziwa la nyuma ya nyumba yangu nawajua. Ni shemegi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na jirani wa upande wa kibla aliyemwazima gari la ng'ombe. Malaria ilimchukua mume wangu, ikanilaza na miye, kisha ikaniacha. Nilikuwa ndani, nakaa eda, nasikia mawe yakitumbukia majini na kutoka siwezi. Shemegi alisema mbu wa ziwa lile ndio waliomuua kaka yake. Alianza na oili chafu, vyura wakaelea, ndipo akaleta vifusi. Hakuniuliza.

Miaka tisa nikipita pale naangalia kando. Mwaka jana, masika yakikaribia, nikashika jembe. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini kuchimba najua. Nilitoa mawe, chupa, pampasi, hata godoro. Chini kabisa nikakuta tope jeusi la zamani, laini kama uji. Nikaliacha. Mvua ikajaza, nikatia ndoo moja ya visamaki vya bonde la mpunga.

Shemegi akaja akasimama ukingoni. Akasema akiona kiluwiluwi kimoja tu cha mbu, vifusi vinarudi.

Kabla hajarudi yeye, lilizuka jani la yungiyungi. Sikupanda, wala hakuna aliyepanda. Mbegu zililala topeni miaka yote ile, juu yake oili na mawe, na hazikufa. Nilikaa chini kwenye matope, nikawa nasema subhanallah tu, neno jingine sina. Wakaja kereng'ende wekundu, sijui nani aliwapa habari. Akaja na mdiria, ndege mdogo kuliko ngumi yangu, mgongo wa buluu inayoumiza macho.

Ijumaa moja baada ya alasiri shemegi alikuja na bakuli jeupe. Akachota mara ya kwanza, maji matupu. Ya pili, kisamaki. Ya tatu akanyanyuka.

"Kiluwiluwi hichi hapa, shemegi."

Nikatazama. Kilikuwa kinywani mwa mdudu wa kahawia.

"Huyo mtoto wa kereng'ende," nikamwambia. "Ngoja uone."

Tukainama juu ya bakuli, vichwa karibu vigusane. Mdudu alitafuna taratibu mpaka hakikubaki kitu. Shemegi alilizamisha bakuli polepole, mdudu akajitokea mwenyewe.

Sijamsamehe. Ijumaa iliyofuata alikuja mikono mitupu, akavua makubadhi, akachutama palepale kutazama.