Nilivyolisugua jambia la Java la baba mpaka likang'aa

"Weusi wake umeupeleka wapi?"

Baba aliniuliza hivyo.

Wakuu, salamu kutoka Mpemba, Tunduma. Sitaongeza chumvi, hata hamu ya kuongeza sina.

Baba alikuwa mpishi kwenye meli za mizigo. Huko Java, Indonesia, mzee aliyempangisha chumba alimpa keris, jambia la kwao lililopindapinda kama wimbi. Wenyewe hawalikatii kitu. Wanalitunza tu.

Naye akalitunza. Kila mwezi alilichomoa kwenye ala, akalifuta, akalipaka mafuta ya msandali kidogo sana, akalizungushia kitambaa cha pamba na kulilaza juu ya kabati. Msimu wa mvua unyevu wa huku si mchezo.

Shangazi, dada yake, alikuwa anasali kulikemea kabati, akiamini jambia lina jini.

"Kaka, hilo dude linapakwa mafuta kuliko watoto wako. Lina nini ndani?"

"Lina chuma, dada. Jipake na wewe kama unaona wivu."

Kisha baba akapata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Akaniita.

"Mama, sasa wewe ndiye mkono wangu. Lisishike kutu."

Mimi nina degree, na sikubali kitu bila kuhoji. Majini siamini. Nilipolichomoa nikaona ubapa mweusi wenye mistari ya kijivu, kama mafuta juu ya maji. Nikajiambia hii ni kutu ya miaka, mzee alikuwa haoni vizuri.

Nikachukua ndimu, steelwire na msasa. Nikasugua mchana kutwa. Weusi ukatoka, mistari ikatoka, likabaki jeupe kama kijiko kipya.

Nikamwita shangazi. "Njoo umwone jini wako."

Akacheka. "Kumbe kisu tu!"

Nikampelekea baba kitandani. Aliligeuza kwa mkono wa kushoto, akaitafuta ile mistari kwa kidole gumba. Ndipo akauliza.

Hakunigombeza. Alinirudishia tu. "Haya mama, kaliweke."

Hakulitaja tena. Miezi minne baadaye tukamzika kwao, Ikinga.

Nilihoji majini ya shangazi, nikahoji macho ya baba. Mikono yangu mwenyewe sikuihoji. Kumuuliza kungekuwa kitu cha dakika moja, alikuwa chumba cha pili.

Kama nyumbani kuna kitu cha mzazi, ulizeni kinavyotunzwa wakati bado anajibu. Na kama kuna aliyewahi kuharibu cha kwao akidhani anasaidia, aandike hapa chini. Nitasoma zote.

Juzi, mwaka wa tatu tangu tumzike, fundi mmoja wa Java alinijibu kwenye group la wakusanyaji wa keris. Ule weusi haukuwa kutu, huwekwa makusudi. Na mistari si rangi ya juu, ni vyuma viwili vilivyofuliwa pamoja, tabaka juu ya tabaka. Msasa hauwezi kuimaliza. Fundi akiupaka weusi upya, mistari yote hurudi.