Sanamu Iliyopima Matuta

Babu yangu alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma. Kwetu Usukumani shindano la ngoma halina jaji. Timu mbili zinacheza uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyekimbiliwa na watu.

Enzi za mkoloni alichonga sanamu ya mzungu aliyepita mashambani na fimbo, akipima matuta ya watu na kuwatoza faini ambao hayakutimia. Ukivuta kamba mzungu anainama kupima, kaptula inamdondoka. Watu walicheka, babu akala miezi mitatu jela. Akaificha sanamu kwenye kihenge cha mtama.

Miaka ya ujamaa tulihamia kijiji kipya, mbele kidogo ya Kisesa. Mavuno yalipokwisha shindano likatangazwa, na babu, magoti yamekwisha, akatamani jambo moja tu: kuona mzungu wake akichekwa tena hadharani kabla hajafa. Bibi akasema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi, mjukuu wake mwenye kiherehere, nikasema kamba nitavuta mimi.

Nikavuta. Mzungu akainama, kaptula chini. Vijana wanatazamana tu. Faini za matuta wangezijulia wapi? Wakaanza kuhamia kwa wenzetu, waliokuja na chatu mzima. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Babu kwenye kigoda chake alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndipo mama mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Jamani, huyu si Bwana Shamba wetu?"

Loo! Bwana Shamba wetu, kijana wa Bukoba, alivaa kaptula na soksi ndefu, na kila wiki alipita na fimbo kupima ekari zetu za pamba. Uwanja ulilipuka. Chatu akabaki na mwenye chatu. Nikavuta tena na tena, nacheka mbavu sina.

Kumbe Bwana Shamba mwenyewe yupo. Akaja akipenya katikati ya watu, fimbo mkononi, na kicheko kikakatika. Nikaanza kutafuta pa kukimbilia. Babu hakukimbia. Alijikongoja akasimama, akanyoosha mikono yote miwili mbele, tayari kwa pingu.

Bwana Shamba aliitazama sanamu, akaitazama na kaptula yake mwenyewe. Kisha akainama mbele ya babu.

"Shikamoo, mzee. Naomba na mimi nivute."

Babu hata marahaba alisahau. Alicheka mpaka ikabidi tumshike asianguke.